Robo Saa ya Baba

Jumamosi, tarehe tisa Novemba. Kulikucha na manyunyu, yale ya kizembe yasiyofikia kuitwa mvua na yasiyokubali kuitwa umande, na hadi saa mbili asubuhi anga lilikuwa na rangi ya shuka lililofuliwa kwa maji machafu. Katika karakana ya kushonea sare za shule, washonaji waliingia mmoja mmoja wakikung'uta viatu mlangoni. Wa mwisho alikuwa binti mwembamba wa miaka ishirini na miwili, koti lake limelowa mabega yote mawili. Fundi mkuu alimtazama juu ya miwani, akasema maneno yale yale ya kila siku: "Uzi huyo. Mtungeni."

Jina la Uzi alilipata hapo hapo karakanani, mwaka mmoja nyuma, alipoanza kukonda bila sababu. Alikuwa akinywa maji kama mchanga wa jangwani, na magauni yalimvaa yeye badala ya yeye kuyavaa. Wenzake walimtania mpaka siku aliyoanguka juu ya cherehani huku mguu ungali unakanyaga. Hospitalini wakasema ni kisukari cha aina ya kwanza: mwili umeacha kabisa kutengeneza insulini, na tangu siku hiyo ataipata kwa sindano, kila siku, maisha yake yote. Aliporudi kazini baada ya wiki tatu, watu walikosa la kusema. Fundi mkuu, mzee asiyejua kutoa pole hata msibani, alikuna kichwa, akasema: "Basi, Uzi umepata sindano. Kazi iendelee." Wakacheka wote, naye akacheka, na kicheko kile kilimfaa kuliko pole zote alizopewa kitandani.

Sindano yenyewe haikumsumbua. Mtu aliyejichoma vidole kwa miaka minne haogopi ncha. Kilichomsumbua kilikuwa saa.

Siku alipofundishwa, muuguzi wa kliniki alimwita na baba yake ndani pamoja. Alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya, na wagonjwa walimwita Bibi Robo Saa, maana neno hilo halikumtoka mdomoni. Dawa ya chakula, alieleza, haifanyi kazi papo hapo. Unachoma, unangoja robo saa, unakula. Ukichoma baada ya kula, sukari imeshatoka mbio na dawa inaifuata nyuma ikihema. Ukichoma halafu chakula kisije, dawa inafika na kukuta hakuna kazi, basi inaanza kula akiba ya damuni, na hapo mtu anaanguka. Kisha akamgeukia baba na kumwuliza anafanya kazi gani. Baba akajibu kwamba yeye ni dobi.

"Vizuri," muuguzi akasema. "Pasi unaiwasha lini?"

Baba akasema unaiwasha kabla, ili shati likifika mezani pasi iwe imeshapata moto.

"Na ukiiwasha, shati lisije?"

Baba alifikiri. "Utaunguza meza."

"Basi umemaliza darasa langu, mzee wangu. Wewe mlinde binti yako asiunguze meza."

Baba alirudi nyumbani akiyarudia maneno hayo njia nzima, kama mtu aliyebeba yai mkononi.

Shida ilianza jikoni. Mama yake Uzi alikuwa mpishi ambaye jirani aliweza kumsifu kwa harufu tu, ila alikuwa na neno moja baya: tayari. Mama akisema chakula tayari, alikuwa na maana kwamba ameshakubali moyoni mwake kuwa kitaiva. Wali unaweza kuwa bado unakauka maji, maharage hayajaungwa, naye ameshaita, "Jamani, tayari." Mume wake alijua. Uzi alijua tangu utotoni. Lakini dawa haikujua. Katika mwezi wa kwanza alichoma mara mbili kwa kuamini neno hilo, na mara zote mbili akaishia kutafuna peremende nyuma ya mlango, mikono ikitetemeka, huku mama akiungia kitunguu. Alipojaribu kumweleza, mama alinyamaza siku nzima. Alihisi kwamba mapishi yake yametiwa dosari na mashine ya kupimia damu.

Basi Uzi akatafuta saa nyingine, akaipata pasipotarajiwa. Ilikuwa sala ya baba.

Baba hakuwahi kusoma shule. Kazi yake ya udobi aliifanya miaka thelathini kwa kichwa tu: kila nguo aliitia alama ya uzi wa rangi kwenye pindo, na kila rangi aliikumbuka mwenyewe ni nani. Nguo zilizopigwa pasi alizipanga kwenye rafu tatu. Na wenye nguo, wakija kuzichukua, walimwachia na habari zao: huyu mkewe amelazwa, yule kijana wake amesafiri hajaandika. Baba aliyapokea yote hayo kama alivyopokea mashati. Jioni, mama alipofunika sahani kwa kitambaa, baba alisema, "Tusimame," wakasimama, naye akaanza kuwaombea rafu kwa rafu. Rafu ya juu ilikuwa ya wagonjwa. Ya kati ilikuwa ya wasafiri. Ya chini ilikuwa ya marehemu, ambao nguo zao zilibaki bila mtu wa kuzichukua. Shangazi yake Uzi, dada mkubwa wa baba, akija kula kwao alikuwa na maneno yake: "Mdogo wangu, Mungu ameshasikia. Sasa uache na wali nao useme."

Jioni moja Uzi aliitazama saa ya ukutani, sala ilipoanza na ilipokwisha. Dakika kumi na tano. Kesho yake, kumi na nne na nusu. Keshokutwa, kumi na tano tena. Baba alikuwa robo saa kamili, kama aliyepimwa kiwandani. Tangu hapo Uzi aliacha kusikiliza neno tayari. Aliingia chumbani, akapima damu, akaitega kalamu yake ya insulini, na baba aliposema "Tusimame," akachoma, akatoka, akasimama mahali pake karibu na dirisha. Baba alipofika kwa marehemu, Uzi alijua zimebaki dakika mbili. Kwenye Amina, dawa na kijiko vilikutana.

Hakumwambia mtu. Aliona aibu kidogo kumgeuza baba yake kuwa saa, na zaidi aliona aibu mbele za Mungu, kusimama kwenye sala akihesabu dakika. Kila usiku kabla ya kulala aliomba msamaha kwa hilo, na kila siku alilirudia. Miezi mitatu baadaye muuguzi alitazama daftari lake la vipimo, akauliza kwa mshangao ni nani anayemshikia saa. "Baba," Uzi akasema. Muuguzi akatikisa kichwa kwa furaha. Alidhani baba ana saa ya mkononi.

Sasa, mwaka huo huo baba alikuwa amejiandikisha darasa la jioni la watu wazima, akiwa na miaka hamsini na minane. Alisema amechoka kusaini kwa dole gumba kama mtu aliyekamatwa. Alikwenda Jumatatu na Jumatano, na mkoba wa zamani wa Uzi wa shule ya msingi begani. Mwalimu alikuwa kijana wa kumzaa, mpole, mwenye chaki kwenye mikono ya shati ambayo baba mwenyewe aliifua. Baba aliziweza herufi upesi. Kilichomshinda kilikuwa kusoma kwa sauti mbele za watu. Mara ya kwanza aliposimamishwa darasani, katikati ya sentensi mtu mmoja nyuma aliinuka akatoka nje. Pengine alikwenda kujisaidia tu. Lakini baba alimwona kwa pembe ya jicho, na sauti ikamkauka kooni kama maji juu ya pasi ya moto. Akakaa. Mara ya pili alikaa kabla ya kuanza. Mara ya tatu hakwenda darasani, akaeleza nyumbani kwamba mguu unamuuma, na Uzi alimkuta chumba cha pasi akiinongonezea kola ya shati lebo yake: "A-si-li-mi-a mi-a pa-mba."

Ndiyo maana Mwalimu alishauri asome nyumbani kwanza, mbele ya watu wake, chochote alichoandika mwenyewe. Ikapangwa Jumamosi hiyo, chakula cha mchana. Wageni watakuwa Shangazi na Mwalimu, basi. Baba alifunga duka mapema, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi yake. Alimwambia Uzi asubuhi, wakati anavaa viatu: "Leo usichelewe. Kama nitakauka tena leo, mkoba wako nitakurudishia." Alisema kwa mzaha, ila hakucheka.

Uzi alitoka karakanani saa sita na nusu, akaenda nyumbani kwa miguu, haraka, manyunyu yakimsindikiza. Koti lilikuwa zito kwa maji. Mama alilinyang'anya mlangoni na kulitundika kwenye kamba nyuma ya jiko, peremende zake za dharura zikiwa mfukoni. Uzi aliona, akasema moyoni kwamba atazifuata baadaye. Wageni walikuwa wameshakaa. Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi mpaka kikawa na makali, na wali, kuku na mboga vilikuwa mezani tayari, tayari ya kweli. Uzi aliingia chumbani, akapima. Tano nukta nne. Nzuri, ila si ya kuchezea, maana alikuwa ametembea. Saa ya ukutani ilisoma saa saba na dakika kumi. Sebuleni baba akasafisha koo, akasema, "Tusimame." Uzi alichoma.

Alipotoka na kusimama mahali pake, akamwona baba akiingiza mkono mfuko wa shati. Akatoa daftari dogo. Akavaa miwani.

"Mwalimu alisema nisome nilichoandika," baba akasema, bila kumtazama mtu. "Nimeandika sala."

Wote wakainamisha vichwa. Uzi naye akainamisha chake, akatabasamu, akajiambia kwamba hata hivyo ni robo saa ile ile, imeandikwa tu. Kidole cha baba kikatua kwenye ukurasa.

"A," baba akasoma. "Askari wa ghala. Mguu wake. Mungu, uuponye."

Hapo Uzi akafumbua macho. Hakukuwa na rafu. Baba alikuwa amewapanga watu wote kwa herufi, kama alivyofundishwa, na alisoma kwa kupanda kila neno kama ngazi: silabi, pumzi, silabi. Neno likimshinda alirudi chini akaanza tena. Hakukuwa na wagonjwa, wala wasafiri, wala marehemu wa kumwambia Uzi zimebaki dakika ngapi. Saa yake ilikuwa imevunjwa na kuundwa upya mbele ya macho yake.

Baba akaendelea. Bibi mwenye koti la kijani, macho yake. Bwana harusi ambaye suti yake haikuja kuchukuliwa. Kwenye C alinyamaza kidogo. "C hakuna mtu," akasema kwa unyenyekevu. "Mungu, wewe unajua kwa nini." Shangazi alibana kicheko puani. Baba alikisikia, akasita. Kisha kidole kikasogea: Daktari wa meno. Dereva wa lori. Sauti ikakaa sawa. Uzi alimwona Mwalimu akiachia pumzi.

Saa saba na dakika ishirini na tano, wakati ambapo siku nyingine wangekuwa wanavuta viti, baba alikuwa kwa Fundi bomba.

Uzi alijua anachopaswa kufanya. Alikuwa amefundishwa, na hakuwa mjinga. Ilitosha kupita nyuma ya kiti cha baba, hatua sita mpaka jikoni, alifikie koti. Lakini hatua hizo sita zilipita mbele ya pembe ya jicho la baba. Aliwaza mtu yule aliyeinuka darasani. Aliwaza mkoba. Akasema moyoni: bado niko imara, ngoja kidogo, amalize H.

Kwenye Jirani wa kulia na Jirani wa kushoto, vidole vya Uzi vilianza kutetemeka. Alivificha kwenye mikunjo ya gauni. Kwenye Karani, jasho la baridi lilimtoka mgongoni. Kwenye Kinyozi, ulimi ulikuwa kama si wake. Wali ulikuwa pale mbele yake chini ya kitambaa, hatua moja na mkono mmoja, na hakuna aliyewahi kuugusa wali wa nyumba ile kabla ya Amina.

Akajipa moyo kwa hesabu. Jina lake lazima limo. Wote walimwita Uzi, hata baba. Basi atakuwa kwenye U, na baada ya U kuna herufi chache tu. Atangoja asikie jina lake likisomwa na baba, mara ya kwanza maishani, kisha atakwenda. Hilo tu. Lilionekana jambo la busara sana, kama mambo yote yanavyoonekana kwa mtu ambaye sukari inamshuka.

"M," baba akasoma.

Uzi akasikia moyo ukimwanguka. Kwa Kiswahili herufi M ni mlango wa soko: nusu ya wanadamu wanaingilia hapo. Mchuuzi wa mayai. Mfungwa, mtoto wa yule bibi. Mgonjwa wa kitanda cha nne. Mjane. Mke wangu, akasoma baba, na mama akajifuta jicho kwa kanga. Mlinzi. Mpishi wa shule. Msafiri. Kila mmoja na shida yake, kila mmoja na silabi zake. Saa ya ukutani ilikuwa na mishale mitatu, kisha minne. Uzi alishika ukingo wa dirisha. Alijaribu kusema neno, akakuta maneno yako mbali, upande mwingine wa uwanja, na hajui yaitwe vipi.

"Mwalimu wangu," baba akasoma. "Umlipe, Mungu, maana mimi sina cha kumlipa." Kidole kikashuka mstari mmoja. "Mwanangu."

Neno hilo hakulipanda kwa silabi. Lilitoka zima. Na kwa kuwa hakuhitaji kulitazama, kwa mara ya kwanza tangu aanze, baba aliinua macho kutoka kwenye daftari, amtazame mwenye neno lake.

Akamwona. Midomo myeupe, paji la uso limelowa kama la mtu aliyetoka mvuani, macho yanayomtazama bila kumwona. Baba hakusema Amina. Daftari lilianguka kwenye mchuzi wa kuku. Aliruka kiti, akamdaka mabega, akaita jina la mkewe na neno sukari kwa pumzi moja, na mama, ambaye maisha yake yote chakula kilichelewa nyuma ya tayari yake, alikuwa pale na kikombe kabla neno halijaisha.

Wakamkalisha sakafuni. Mwalimu alishika kikombe, Shangazi akamshika kidevu na kumwamuru anywe kama anayemwamuru mtoto mchanga. Maji ya sukari vijiko vinne, akayanywa yote, nusu yakimwagika shingoni. Walipompima ilikuwa mbili nukta tisa. Baada ya hapo hakukuwa na la kufanya ila kungoja robo saa na kupima tena, na wakaingoja, watu wanne wameketi sakafuni wakimzunguka mmoja, chakula kinapoa juu ya vichwa vyao. Hakuna robo saa iliyowahi kuwa ndefu hivyo katika nyumba ile. Wakapima: nne nukta saba. Mama akajaza sahani, akamwekea mapajani, akamtazama mpaka aliposafisha nusu.

Rangi ilipomrudia, baba aliuliza kwa sauti ndogo, "Ulichoma saa ngapi?"

Uzi hakuona njia ya kupita pembeni. "Uliposema tusimame."

"Na siku nyingine?"

"Uliposema tusimame, Baba. Siku zote. Sala yako ni robo saa kamili. Nilikupima."

Baba aliitazama saa ya ukutani. "Kwa hiyo mimi ndiye saa."

"Ndiyo."

"Na saa haikuambiwa."

Uzi aliinama. Akaeleza yote, kipande kwa kipande: neno tayari na peremende nyuma ya mlango, rafu tatu, marehemu na dakika mbili za mwisho. Mama alisikiliza akiwa ameshika mwiko, na safari hii hakununa. Alisema tu, polepole, kwamba basi yeye ndiye aliyeanza. Uzi akaeleza na koti, na hatua sita, na mtu wa darasani. Aliposema hilo la mwisho baba alifunga macho.

"Ulikuwa unanilinda nisikauke," akasema.

"Ulikuwa unasoma vizuri, Baba."

"Nilikuwa naunguza meza." Akaliokota daftari, akalifuta mchuzi kwa kitambaa kile cheupe, jambo ambalo siku nyingine lingekuwa kesi. Akalifunga. Akamwambia Mwalimu kwamba anamshukuru kwa juhudi zake, lakini yeye ataendelea na kusaini jina lake tu, inatosha, na mezani ataomba maneno matatu. Mtu hawezi kuiombea dunia nzima huku mtoto wake anakufa kwenye dirisha.

Shangazi ndiye aliyejibu. Alimwuliza mdogo wake kama pasi ikiunguza shati moja huwa anaitupa pasi. Baba akasema hapana, huwa anatazama kosa lilikuwa wapi.

"Basi tazama," Shangazi akasema. "Kosa si kusoma, na wala si kuomba. Wawili mnapendana mpaka mnafichana hatari. Huyu anakuogopea sauti, wewe unamwogopea sukari, na kati yenu hakuna aliyefungua mdomo. Mimi domo langu mmelisema miaka yote. Leo mngekuwa nalo nyote wawili, wali usingepoa."

Mama aliinuka, akaenda chumba cha pasi, akarudi na saa ndogo ya kengele ambayo baba aliitumia kwa vitambaa vya hariri. Akaiweka katikati ya meza. Akasema kwamba kuanzia leo mambo yatakwenda hivi: sala kwanza, fupi au ndefu, mpaka Amina. Baada ya Amina ndipo Uzi atapima na kuchoma, hapa hapa mezani, si chumbani kama mwizi. Kisha kengele itategwa robo saa, chakula kikiwa mezani kinaonekana kwa macho. Kengele ikilia, watu wanakula, hata kama mfalme anahutubia. Na kama kipimo kiko chini, anakula kwanza, na muuguzi ataulizwa mengine Jumatatu. "Na mimi," akaongeza, akiutazama mwiko, "nitasema tayari nikishaweka sahani. Nitajaribu."

Wakala. Kuku alikuwa amepoa, na hakuna aliyelitaja. Mwalimu aliongeza wali mara mbili, labda kwa sababu hakujua la kufanya na mikono yake. Nje manyunyu yalikuwa yamekatika, na mwanga uliingia dirishani, pale Uzi aliposimama.

Sahani zilipotolewa, baba alibaki ameketi, daftari mbele yake. Ukurasa wa M ulikuwa na doa la mchuzi kubwa kama kiganja. Alilitazama muda mrefu. Uzi, aliyeketi sasa upande wake wa kulia, aliona kwamba midomo yake inasogea, na hakujua kama anasoma au anaomba, au kama kwake mambo hayo mawili yalikuwa bado yanatofautiana. Kisha baba akavaa miwani. Akasema angependa kumaliza waliobaki, maana watu wa N mpaka Z nao wana shida zao, na si haki wakose kwa sababu ya herufi.

"Ila sisogei," akasema, "mpaka nisikie kitu."

Akaweka kidole chini ya neno alilolisoma zima. Hakulisoma tena. Alimgeukia binti yake.

"Mimi nikisoma sioni. Nimeshajijua. Macho yangu yako kwenye kidole. Sasa niahidi, na hawa wasikie. Shangazi yako asikie, mama yako, na Mwalimu, ili siku ukikataa niwe na mashahidi."

Uzi alimtazama Shangazi, aliyekunja mikono kama hakimu. Akamtazama mama, na Mwalimu aliyejiweka sawa kitini. Alisimama, kwa kuwa katika nyumba ile mambo ya namna hiyo yalisemwa kwa kusimama.

"Nikisikia mwili wangu unabadilika," alisema, "nitakukatiza, Baba. Ukiwa unasoma, nitakukatiza. Ukiwa unaongea na Mungu, nitakukatiza, naye atanisamehe. Sitangoja Amina, na sitangoja jina langu. Naahidi mbele yenu nyote."